Kijiko cha Kwanza

Simiyu mwanangu,

Salamu nitaziruka, kwa sababu sasa hivi tumeachana mlangoni ukielekea kwa kinyozi, na ukirudi kabla sijamaliza itabidi nifunike karatasi hizi kwa gazeti. Barua utaikuta kwenye begi, chini ya blanketi la bluu, ukishafika Mutuini na kuanza kutandika kitanda chako. Nimeona ni afadhali niandike. Tukiongea ana kwa ana mimi huanza kutoa maagizo kabla sentensi ya pili haijaisha, na wewe huanza kutazama dirishani, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Kwa hiyo humu hamna maagizo. Habari za kufunga gesi, za nani anafagia jikoni na lini, za kliniki na nani wa kukusindikiza, hayo sister Wambui, muuguzi wako, ameshakueleza na atakueleza tena hadi umchoke. Mimi kazi hiyo nimestaafu. Sikustaafu kwa hiari, unajua, lakini nimestaafu.

Niseme jambo lililonifanya nishike kalamu. Alhamisi kwenye kikao cha timu yako ya kliniki, kile cha mwisho kabla ya kuhama, sister Wambui alikuuliza: "Simiyu, mambo yakianza kuharibika, usingizi ukipotea ama zile sauti zikirudi, unataka tupigie nani kwanza?" Daktari alinitazama. Otieno, yule wa timu anayetembea nawe, alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshaandaa uso wangu, uso wa mzee anayekubali kazi nzito bila kulalamika. Ukakuna kidevu, ukasema, "Nitawaambia Jumatatu." Kisha ukaomba maji ya kunywa.

Tulirudi nyumbani Kabiria tukiongea habari za mvua. Lakini nilikaa na swali lile kuanzia Alhamisi hadi leo mchana. Miaka yote hii, tangu chuo kiliponipigia simu kwamba umetoa vitanda vya wenzako nje kwa sababu vinasikiliza, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kwanza. Hakuna aliyeuliza. Nilikufuata, nikakuleta hapa na viatu vyako ndani ya mfuko wa karatasi, nikaweka pazia katikati ya chumba, na tangu siku hiyo simu zote zimekuwa zikiingia kwangu. Sasa una miaka thelathini na moja, unaenda kuishi Mutuini kwenye nyumba ya watu wanne walioumwa kama wewe na wakapata nafuu, na kumbe nafasi yangu inaweza kuulizwa. Ilinichoma, sitaficha. Nilipika chakula cha jioni nikiwa nimekasirika, ila nilionja kama kawaida.

Kuhusu kuonja ndiko ninakotaka kufika. Nianzie mbali kidogo, nivumilie.

Unajua napika kwa Wahindi kule Parklands, lakini sidhani niliwahi kukueleza nilivyofundishwa. Nilipotoka nyumbani, kule magharibi, nilikuwa kijana mwenye nguvu asiyejua hata kukaanga yai. Kusumben, mama mwenye nyumba ile, alinichukua kuosha sufuria. Baadaye aliona mikono yangu haikai bure, akaanza kunionyesha jiko. Siku ya kwanza niliyoachiwa dengu peke yangu nilifanya kile ambacho mpishi yeyote angefanya, nilichota kijiko nikaonja kama chumvi imekolea. Aliniona. Hakugomba. Alibeba sufuria nzima akaipeleka getini, akampa askari na dereva, halafu akarudi kuanza upya.

"Hii sasa chakula ya watu tu," aliniambia. "Onja hapana, Wafula. Yeye kwanza, sisi baadaye."

Yeye ni Mungu wao. Kwenye kona ya chumba cha kulia kuna kibweta chenye picha na maua, na kila mlo unapoiva, sahani ndogo hupelekwa pale kabla mtu yeyote wa nyumba hajala. Chakula kilichoonjwa kimeshaliwa, hakiwezi kupelekwa. Ndivyo nilivyojifunza kupika bila ulimi. Nilijifunza kusikiliza mbegu za haradali zikiacha kuruka kwenye mafuta. Nilijifunza kunusa bizari ikibadilika. Chumvi niliipima kwa kiganja. Wageni walikuwa wakiingia jikoni kunitazama, wakiambiwa huyu Wafula haonji kamwe na hakosei kamwe. Nilikuwa nikitembea barabara ile ya Parklands kichwa juu, mfuko wa vitunguu mkononi, nikijiona bingwa.

Nakueleza haya kwa sababu watu wakisikia nilichokufanyia husema, ah, mzazi alikata tamaa, asilaumiwe. Hata daktari alisema hivyo. Kukata tamaa kulikuwapo. Lakini kulikuwa na fahari pia, na hiyo sijawahi kuitaja mbele ya timu. Nilikufanyia kwa sababu nilijua ninaweza.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa wa kugombania vidonge. Mama yako alikuwa akipiga simu kutoka nyumbani, nikupeleke kwa wachungaji, nami nikimjibu hospitali kwanza, wachungaji baadaye. Nilijiona msomi. Halafu jioni ningesimama mbele yako, mwanamume mwenye ndevu, nikikuamuru: "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Ulikuwa ukiinua ulimi huku umefumba macho. Kisha ulienda kutema kwenye karai ukidhani sisikii. Sikujua mtu anayeinua ulimi mbele ya mwenzake anahisi nini. Nilidhani ni jambo dogo, la kumalizika upesi ili tulale.

Siku moja nilikuwa jikoni Parklands nikiandaa karela, ile mboga chungu kama shubiri ambayo wao huipenda. Nikawaza, mimi nalipwa kuficha uchungu kila siku. Jioni ile nilisaga kidonge chako kwenye kinu cha iliki, nikakitia kwenye dengu yenye ukwaju na sukari nguru. Ulikula ukamaliza. Ukalamba kijiko. Ukasema, "Buda, hii dengu ya leo iko moto," na ukaniletea sahani niongeze.

Nilisimama pale karibu na jiko na nilifurahi, Simiyu. Nakwambia wazi nilifurahi. Baada ya miezi ya kugombana nilikuwa nimekulisha bila vita, na ulikuwa unapata nafuu, ulikuwa unalala, ulianza tena kunyoa. Nilijiambia kwamba siri ndogo haimdhuru mtu aliyeshiba.

Timu nayo niliitumia vibaya. Leo tukisema timu yako tunataniana kama ya mpira, lakini wakati ule mimi niliamini kabisa kwamba ndiye kocha na hao wengine ni wafanyakazi wangu. Sister Wambui akiuliza, "Anameza?" nilijibu, "Vizuri sana, sister." Daktari akiuliza unalala saa ngapi, nilijibu. Unakumbuka siku Otieno alipokuja mara ya kwanza? Waliniambia naye aliumwa hivyo hivyo miaka ya nyuma na sasa kazi yake ni kutembea na watu walio kwenye njia ile. Nilimtazama viatu nikasema kimoyomoyo, huyu naye wa nini? Alinisikiliza nikieleza kikao kizima, kisha akauliza polepole, "Mzee, sasa Simiyu mwenyewe anasema aje?"

"Anasema hivyo hivyo," nilimjibu. Ulikuwa umekaa kando yangu, goti lako limegusa langu.

Ukaanza kuzunguka na Otieno. Mlikuwa mnaenda kutazama mpira, mnakula chipsi, mnarudi kwa miguu kutoka Kawangware mkibishana. Sikujua mlichokuwa mkizungumza na nilikuwa na wivu kidogo. Jioni moja ulirudi, ukakaa kitandani kwako, ukasema, "Buda, kuanzia leo nameza mwenyewe. Nipe zangu nikae nazo."

Nilikupa pakiti yote. Nilikupongeza hata. Kesho yake nilipitia duka la dawa na cheti cha zamani, nikanunua pakiti nyingine.

Hapo ndipo kosa lenyewe lilipo, mwanangu. Yale ya mwanzo mtu anaweza kuyasamehe, hata mimi nimejisamehe kiasi. Lakini ulikuwa umeniambia jambo la kweli, jambo gumu kuliko yote uliyowahi kufanya, nami nililipokea kama maneno ya mgonjwa. Ulimeza asubuhi kwa hiari yako, na jioni nikakumezesha tena ndani ya dengu.

Ulianza kukakamaa. Shingo ilivutwa upande, vidole vikashindwa kufunga vifungo vya shati. Mate yalikutoka ukaona aibu, ukawa unatembea na leso mdomoni. Usiku ulizunguka chumba hadi jirani akagonga ukuta. Daktari alipunguza kipimo, akaona haisaidii, akashangaa. "Labda mwili wake haupatani na hii dawa," alisema, na mimi nimekaa pale na kofia mapajani, nikiitikia kwa kichwa kukubaliana naye.

Umewahi kuniuliza kama nilijua. Nilikujibu sikujua. Jibu kamili ni hili. Mwanzoni nilidhani huzimezi, hivyo yangu ndiyo pekee inayoingia. Kisha nilichungulia pakiti yako nikaona zinapungua vizuri. Hata hapo nilisema unazitupa. Nilichungulia chooni, nikapekua takataka, nikatazama nyuma ya kitanda. Nilikutafutia uwongo kila mahali nikaukosa, na bado sikuacha. Ulikuja ukasimama karibu na jiko, leso mdomoni, ukaniambia, "Buda, nameza. Si uniamini tu?"

"Nakuamini," nilisema, na kinu kilikuwa mkononi mwangu.

Mambo mengine nimeweza kuyaeleza mbele ya watu. Neno lile moja bado linanitoa jasho. Ndiyo maana ninalo shauri moja tu la kukupa katika barua hii nzima, na si la kidini wala la kisomi. Mtu akikuambia anakuamini, mtazame mikono. Hata akiwa mimi.

Sister Wambui ndiye aliyenikamata. Unajua tabia yake, anagonga huku ameshaingia, halafu anakaa kitandani kabla hujamkaribisha. Siku hiyo wewe ulikuwa umelala nyuma ya pazia, nami nilikuwa natwanga, sikumsikia.

"Mzee, hiyo ni nini unatwanga?"

"Iliki," nilisema.

Alilowesha ncha ya kidole, akachovya kwenye kinu, akaweka kwenye ulimi. Alikunja uso. "Hii sio iliki," alisema. Nilingoja anigombeze, ningalijua la kujibu. Yeye alichukua kinu akakifunika kwa sahani, akaketi. Alisema, "Leo hapati hiyo. Na wewe ndio utamwambia, mbele yetu wote. Mimi sitakusaidia kusema. Nitakaa tu."

Nilisema kwenye kikao, na wewe unakumbuka. Nilichoweka rohoni ni kwamba hukupiga kelele. Uliuliza swali moja: "Hata ile siku nilikuambia nameza?" Nikasema ndiyo. Ulisimama, ukarudisha kiti mahali pake vizuri, ukatoka, na Otieno akakufuata.

Uliporudi nyumbani ulianza kula vyakula vyenye maganda. Mayai ya kuchemsha, ukiyachemsha mwenyewe. Ndizi, machungwa, njugu za maganda, mahindi ya kuchoma ya yule mama wa pale stendi. Chochote ambacho mkono wa mtu haukuwa umekifungua kabla yako. Mimi, mpishi anayetazamwa na wageni, nilikaa jioni baada ya jioni nikitazama mwanangu akimenya yai na kuligeuza kwenye mwanga wa taa, kuona kama lina tundu. Ulikonda. Suruali ulifunga kwa kamba.

Nilikwenda kwa timu peke yangu, mara ya kwanza bila hotuba. Niliuliza nifanye nini. Daktari alisema, "Kwanza usifanye kitu," na nilitaka kumrushia kofia. Otieno ndiye aliyesema, "Muulize yeye, mzee. Halafu chochote atasema, usibishane." Nilipomwambia kwamba kazi ya kocha ni kujua la kufanya, alicheka. "Mzee, wewe si kocha. Wewe ni mtu wa nyumbani kwake. Kocha tutapata tu."

Nikakuuliza. Ulimaliza kwanza kumenya chungwa. Ukasema, "Uonje kwanza. Mbele yangu. Kutoka sahani yangu."

Sijui kama uliwahi kujua ulikuwa umeniomba nini. Tangu siku ile sufuria ilipopelekwa getini nilikuwa sijaweka chakula changu ulimini kabla ya anayeandaliwa. Ilikuwa ndiyo sheria yangu na jina langu. Jioni ile nilipakua dengu, nikaketi mbele yako, nikachota kutoka sahani yako, nikameza. Ulikuwa ukitazama koo langu.

"Fungua mdomo," ulisema.

Nikafungua.

"Inua ulimi."

Niliinua ulimi, Simiyu. Hukuwa ukinilipiza, niliona machoni mwako, ulitaka tu kuhakikisha. Na hapo, nikiwa nimeachama kwenye chumba changu mwenyewe mbele ya mtoto niliyemzaa, nilijua mtu anahisi nini. Anajiona mdogo. Anataka kulia na pia anataka kupiga mtu. Nilikuwa nimekufanyia hivyo kila jioni kwa mwaka mzima huku nikiwaza habari za kesho kazini.

Niligundua na jambo la pili, ambalo nilikuficha kwa sababu ya aibu ya ufundi. Dengu yangu ilikuwa na chumvi nyingi mno, nami nilikuwa nimeila miaka yote bila kuisikiliza. Nilidhani ni ya siku hiyo. Kesho yake nikaonja tena mbele yako, bado. Nilimwuliza Kusumben, ambaye sasa ni mzee na anatembea kwa kushika ukuta. Alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote, Wafula," aliniambia. "Sisi iko zoea." Bingwa asiyekosea kamwe! Watu wa nyumba ile wamekunywa maji mengi kwa heshima yangu, na wewe pia, na hakuna aliyenieleza kwa sababu nilishajulikana kwamba sihitaji kuelezwa.

Tangu hapo nimeonja kila mlo. Baada ya muda uliacha kuniambia nifungue mdomo, baadaye ukaacha hata kutazama, lakini kijiko cha kwanza kilibaki changu, nami nikisukuma sahani ndipo wewe unaanza. Mtu mgeni akituona angedhani ni mila ya kwetu. Unene wako umerudi. Ulianza kunisaidia kukata vitunguu. Wakati wa mvua ndefu usingizi ulipoanza kukukimbia, nilikuona ukikaa hadi alfajiri, mkono wangu ukaenda kwenye simu wenyewe. Nikaurudisha. Nikakuuliza, "Nimpigie sister ama utampigia mwenyewe?" Ulisema utapiga, na ulipiga, na walibadilisha dawa wewe ukiwa mezani ukiuliza maswali. Hicho ndicho kikao pekee nilichofurahia, na sikusema neno hata moja isipokuwa kuomba chai.

Haya, sasa nifike leo mchana, kisha nikuache, kwa sababu kinyozi yule hakawii.

Asubuhi ulisema kule Mutuini mtapika kwa zamu, kwa hiyo leo unataka mazoezi. Ukaenda ukanunua kuku. Nilikuwa nimepanga kukuchinjia mimi, ndivyo inavyofanywa kwetu mtoto akiondoka, mzazi ndiye anayemwandalia. Ulinishika mabega ukaniketisha kitandani. "Kaa chini, buda. Leo jiko ni yangu."

Nilikaa. Nilisikia kitunguu kikitiwa kabla mafuta hayajapata moto, nikashika godoro kwa mikono miwili. Nilisikia maji yakizidi. Ulikuwa ukiimba wimbo wa matangazo ya redio, ule wa sabuni, ukikosea maneno. Sikuinuka, na naomba hilo liandikwe mahali fulani.

Ulipakua. Uliniwekea firigisi, kama apewavyo mwenye nyumba, nikashukuru. Kisha, kabla hujanipa sahani, ulikaa mbele yangu, ukachota mchuzi kutoka upande wangu, ukaonja, ukameza. Ukafungua mdomo nione. Ukainua ulimi. Hukuwa unatania, uso wako ulikuwa wa mtu anayefanya jambo sawasawa. Halafu ukasukuma sahani kwangu.

"Kula, buda. Iko sawa."

Nilitaka kukuambia hakuna haja. Nilitaka kusema mimi sina shaka na wewe, kwamba hiyo ilikuwa adhabu yangu na haikuhusu. Badala yake nilimega ugali nikala, nikitazama sahani ili usione macho yangu.

Na tukiwa tunakula ndipo uliposema. "Kesho sister akiniuliza, nitamwambia ampigie Otieno kwanza. Wewe wa pili." Ulitafuna. "Nimekuambia leo ndio usisikie pale mbele ya watu."

Nilikujibu "sawa," ukaniangalia mikono. Niliona ukiiangalia. Ilikuwa na ugali tu.

Ukweli ni kwamba sikuwa sawa, na sasa ninavyoandika bado sijawa sawa kabisa. Nilitaka kuwa wa kwanza. Nimezoea. Ukinitaja wa pili ninajiona kama mzee aliyeambiwa asogee kwenye benchi apishe vijana, na itachukua muda. Lakini wewe uliniambia jambo gumu uso kwa uso, kwenye meza yetu, siku moja kabla. Mimi niliposhikwa na jambo langu ilibidi muuguzi anifunikie kinu. Uliyofanya leo sikukufundisha, maana sikuwa nayo ya kufundisha. Otieno wa kwanza ni sawa. Hajawahi kutia kitu katika chakula chako. Akinipigia nitakuja, saa yoyote, na nikifika nitagonga mlango wa Mutuini na kungoja hadi mtu aseme karibu.

Kisha uliniuliza, "Chumvi je?"

Ulikuwa umeshika kijiko, ukingoja. Nikakwambia imepungua, na kitunguu hakikuiva, na maji yamezidi. Ulicheka kwa sauti, cheko ambalo sijalisikia tangu ukiwa chuoni, ukasema, "Afadhali wewe unasema," ukaenda kuleta chumvi.

Nimewaza tangu ulipotoka kwa nini ulionja sahani yangu. Nadhani kwako imekuwa ndivyo watu wa nyumba moja wanavyopakuliana, anayepika huanza. Kama ni hivyo, basi tumetoka na kitu katika chumba hiki. Kesho jioni nitapika peke yangu. Nitapakua sahani moja, nitakaa upande wangu wa pazia, na kabla sijala nitachota kijiko cha kwanza, nimeze, nifungue mdomo.

Ni mimi baba yako,
Wafula